Msiba wa Mtu Aliye Hai

Nyansurura, Serengeti
Mwezi wa tisa

Mpendwa ndugu yangu Bupe,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wenzetu wote wa kikosi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, malaria imekuachia, na mkuu wako wa zamu anakukumbuka walau kwa siku moja ya mapumziko. Huku sisi hatujambo. Bega langu limepona, isipokuwa asubuhi za baridi linapogoma kuinuka mpaka nilibembeleze. Mama anakusalimu sana. Bado anakuita "yule binti wa Mbeya aliyemshona mwanangu", na kila akisonga ugali wa ulezi anauliza kama huko Kongo mnapata chakula cha kushibisha askari au mnadanganywa na wali. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Ikoma na watu wanaandaa mashamba.

Barua hii naituma kwa mkono wa Koplo Venant, anayekuja kuungana nanyi. Ningeweza kukuandikia kwenye simu, lakini uliniuliza jambo lisiloandikika kwa kidole gumba. Uliuliza yule baba yangu mdogo, mzee uliyempigia nilipojeruhiwa, anaendeleaje, nami nikakujibu neno moja tu, "Yupo." Ukasema jibu hilo lilikutia wasiwasi. Ulikuwa sahihi. Tafuta mahali utulie, soma hadi mwisho, na usimsomee mtu.

Unakumbuka ilivyokuwa. Gari letu lilipovamiwa kwenye ile barabara ya msituni, simu yangu iliungua pamoja na begi. Nililetwa kwako na vyuma begani, siwezi hata kushika kikombe. Siku chache baadaye nilipoweza kuongea, namba niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa moja, ya baba mdogo Nashoni, mdogo wa marehemu baba, ambaye mji wake, yaani boma lake, umepakana na wa mama. Ulimpigia. Ukarudi unatabasamu, ukaniambia mzee amepokea, amekushukuru sana, amesema Mungu ni mkubwa na anakwenda kumwambia mama sasa hivi. Usiku ule nililala kama mtoto, na namba ile ilipoacha kupatikana baadaye nikalaumu mtandao. Sasa nikueleze huku nyumbani ilikuwaje.

Kwanza uijue nyumba yenyewe. Baba yangu, mzee Mseti, alikuwa askari kabla yangu. Alipigana vita vya Kagera, akarudi akichechemea, akafariki mimi nikiwa darasa la pili. Mama, Waisiko, aliachwa na mimi peke yangu, msichana. Katika ukoo wetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume huangaliwa kama duka linalongoja kufungwa, na baba mdogo Nashoni hakuacha kulisema hilo. Nilipojiunga na jeshi alimwambia mama kwamba alikuwa na binti mmoja, naye amempeleka kuwa mwanaume, sasa hana hata mmoja. Mama alichukua jembe akaenda shambani. Mimi nilipokuwa nakula kwata, yeye alikuwa analima. Nilipotumwa mipakani, yeye alichunga ng'ombe niliowanunua kwa mshahara wangu, akasimamia ujenzi wa nyumba ya bati niliyomjengea, akabeba mchanga kichwani kwa sababu fundi alitaka kumwibia. Tunajisifu sana kwamba tunalinda nchi, Bupe. Nani anatulindia tulikotoka, hatuulizi.

Nilipopata likizo baada ya kupona, nilishuka Mugumu nikachukua pikipiki hadi Nyansurura, nikiwa ndani ya kombati. Mtu wa kwanza kuniona alikuwa mama mmoja mwenye mzigo wa kuni. Aliutupa chini akakimbia akipiga kelele. Nilidhani amechanganyikiwa. Dukani, muuza duka alirudi nyuma hadi akagonga makreti ya soda. Kisha akatokea jirani yetu Judith, mama mtu mzima asiyeogopa kitu. Akanisogelea polepole, akanifinya mkono, akaona ni nyama. Akaanza kulia. Akasema, "Wegesa, mwanangu, sisi msiba wako tulishaula."

Ndipo nikasikia. Redio ilikuwa imetangaza kwamba askari wa Tanzania wameshambuliwa Kongo na kuna waliopoteza maisha. Simu yangu haipatikani. Baba mdogo akasema ana rafiki jeshini aliyemthibitishia kwamba mimi ni mmojawapo na kwamba nitazikwa hukohuko. Akaita ukoo, akaweka msiba kwenye mji wake, akachinja dume langu kubwa, lile jeupe lenye nundu. Ng'ombe wangu wengine wakahamishiwa zizi lake kwa maelezo kwamba ni mali ya marehemu asiye na mtoto. Nyumba ya bati akaijaza magunia yake ya mahindi. Simu ya mama akaichukua ili, alivyosema, mfiwa asisumbuliwe. Mama akahamia jikoni.

Nilimkuta mama shambani, amenyooka kama mti wa uzio. Hakushtuka hata kidogo. Aliweka jembe chini, akanishika uso kwa mikono miwili yenye udongo, akaniambia nimechelewa, mihogo imeshaanza kuwa migumu. Nyuma yake alikuwa amesimama binti wa miaka ishirini na kidogo, mwembamba, mwenye tumbo la ujauzito lililoanza kuonekana, na alama ya jeraha juu ya jicho. Mama akasema, "Huyu ni Robi. Msalimie vizuri. Huyu ndiye aliyekufufua."

Robi ni binti wa Ikoma. Alikuwa amechukuliwa na Ryoba, mtoto wa kiume wa pekee wa baba mdogo, akawa anaishi pale mjini kwao akisubiri taratibu za mahari. Wakati wa msiba ndiye aliyepika na kuosha vyombo. Sasa baba mdogo sikio lake moja ni bovu, simu yake huiweka sauti ya juu hata ukiwa ng'ambo ya pili ya zizi unasikia. Siku ya pili ya msiba, watu wakiwa wanakula nyama, simu yake ililia. Robi alikuwa nyuma ya nyumba anasugua sufuria. Akasikia sauti ya mwanamke mwenye lafudhi ya mbali ikijitambulisha kwamba ni muuguzi wa jeshi, ikisema Wegesa yu hai, amejeruhiwa begani, anaendelea vizuri, mwambieni mama yake asiwe na hofu.

Ilikuwa sauti yako, Bupe.

Baba mdogo alikushukuru kama ulivyonisimulia. Alimtaja Mungu kama ulivyonisimulia. Kisha akazima simu, akatoa laini akaitia mfukoni, akarudi kwenye viti. Mzee mmoja akamuuliza ni nani. Akajibu kwamba mtu amekosea namba.

Nimefikiri sana juu ya hilo. Alipoanza msiba, huenda aliamini kweli nimekufa. Angeweza kusimama pale akasema jamani tumekosea, tufurahi, na mimi ningelisamehe dume langu na kicheko juu. Lakini ng'ombe walikuwa tayari zizini mwake. Alipojua ndipo alipoendelea. Kwa hiyo simchukii kwa kunililia. Namchukia kwa kuendelea kunililia.

Robi aliacha sufuria, akazunguka uzio, akamwambia mama sikioni. Mama alisimama katikati ya waombolezaji, akanawa uso kwa maji ya kunywa, akatangaza kwamba mwanawe yu hai na kwamba anayetaka kula aendelee kula ila asilie. Wakasema uchungu umempanda kichwani. Wakambana awataje waliomwambia, akakataa. Baba mdogo hakuhitaji kutajiwa. Jioni ile alimpiga Robi mateke mbele ya mji mzima, binti mwenye mimba, akasema mimba si ya mwanawe na kwamba arudi alikotoka. Ryoba alikuwepo. Alitazama viatu vyake. Robi alitambaa hadi kwenye mlango wa jiko la mama, na mama akamfungulia. Miezi yote ile mimi nilipokuwa nahesabiwa mfu, wanawake hao wawili walilima pamoja, wakala pamoja, wakasemwa pamoja kuwa ni wachawi wanaoongea na maiti.

Unanijua, ndugu yangu. Siku ile ile nilitaka kuvuka uzio nikamalize. Mama alinizuia kwa neno moja, akaniambia kufungwa ni zawadi nitakayompa Nashoni. Basi nikaenda kwa mtendaji wa kata, kijana mwungwana anaitwa Danford, mtu wa Songea, na sheria ikafanya kazi yake. Ng'ombe walirudi, magunia yakatolewa. Lakini sheria ina kifungu cha ng'ombe, haina kifungu cha kumlilia mtu aliye hai. Baba mdogo alirudisha mali akiwa anatabasamu, akasema mbele za watu kwamba yeye aliihifadhi tu, na kwamba nyumba yenyewe haina mwanaume, itarudi kwake siku moja bila ugomvi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikaondoka pale nikiwa nimeapa kulipiza.

Mpango ulikuwa wa mama. Kwetu kuna desturi tunaiita nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, huoa binti, na watoto watakaozaliwa na binti huyo huwa wa nyumba yake na hubeba jina la nyumba yake. Usianze kucheka kama ulivyocheka siku ile bwenini. Hawalali kitanda kimoja, ni ndoa ya kuendeleza mji. Mimi mwenyewe nilisita, nikijua mabinti wengi walioozwa hivyo bila kuulizwa. Nikamwambia mama tumuulize Robi kwanza, peke yake, na ana haki ya kukataa. Robi akafikiri siku kadhaa. Akarudi na sharti lake: hakuna mtu, hata mama, hata mimi, atakayemchagulia mwanaume maishani mwake. Na akaongeza kwamba angependa ng'ombe wa mahari yake wawe walewale waliotoka zizi la Nashoni.

Tukawapeleka. Kwenda Ikoma kuna njia fupi ya bondeni, lakini tulipita njia ndefu inayopita mlangoni kwa baba mdogo. Mama alitangulia na fimbo ya marehemu baba, mimi nikafuata nikiwa ndani ya kombati, ng'ombe katikati, akina mama wa jirani wakipiga vigelegele. Alikuwa ameketi nje anakunywa uji. Akawatazama ng'ombe mmoja mmoja wakipita, wale aliokwisha kuwapa majina. Bupe, sijawahi kuonja kitu kitamu kama dakika zile.

Halafu ikaja ile siku wilayani, ambayo nilikutumia picha bila maelezo. Waliandaa sherehe ya kuwaenzi wanawake waliotumikia jeshi, na wale waliobaki nyuma kulinda nyumba za askari. Kila askari aliambiwa afike na mtu aliyemlindia nyumba. Baba mdogo alipata habari, sijui kwa nani, akajiona ndiye kichwa cha familia. Alivaa koti jipya, akafika kabla ya wote, akaketi viti vya mbele. Mshereheshaji alipotaja jina langu na kumwita mlinzi wa nyumba ya Sajenti Wegesa, mzee akasimama na kuanza kutembea. Nikachukua kipaza sauti. Nikasema nyumba yangu ililindwa na wanawake wawili, mmoja aliyekataa kuamini uongo na mmoja aliyepigwa kwa kusema kweli, na wote wawili wako huku nyuma wamekaa chini kwa sababu viti vimechukuliwa na watu ambao hawakualikwa. Mama na Robi wakaja, Robi tumbo limeshamtangulia. Wakavishwa khanga. Watu wakapiga makofi hadi turubai likatikisika. Baba mdogo alipogeuka, kiti chake kilikuwa kimekaliwa. Alisimama katikati ya uwanja na koti lake.

Nilidhani nitatosheka. Sikutosheka.

Robi alijifungua mtoto wa kiume. Mama akampa jina la baba, Mseti. Baba mdogo alipoambiwa alicheka, akasema wanawake wamejenga nyumba bila nguzo, na kwamba yeye ana Ryoba, na Ryoba ataoa, na wajukuu watajaa. Ryoba mwenyewe hakucheka. Mara mbili nilimwona amesimama kwenye uzio akimwangalia mtoto anavyotambaa, na mara zote alipogundua nimemwona aliondoka. Baadaye akaenda Tarime, akapanga chumba Turwa, akawa anabeba mizigo kwa pikipiki kutoka Sirari. Mtoto alikuwa ameanza kukimbia na kutukana kuku habari zilipokuja kwamba lori limemgonga Ryoba na kwamba hakufika hospitalini.

Ilikuwa mwezi wa sita, nami nilikuwa nyumbani kwa likizo. Nikusimulie desturi moja kisha utaelewa yaliyofuata. Katika ukoo wetu mtu mzima hafukiwi mpaka mtoto wake atupe udongo kwanza kaburini. Asiye na mtoto hufukiwa kimyakimya na jina lake halirithiwi, linaishia pale. Ryoba alikuwa hajaoa. Damu yake yote duniani ilikuwa Mseti mdogo, na Mseti mdogo ni wa nyumba ya mama.

Asubuhi ya maziko baba mdogo alikuja kwetu. Alikuja na mzee Kisyeri, mkubwa wa ukoo, kwa sababu peke yake aliogopa. Hakupita mlango wa nyuma kama zamani. Alisimama langoni akasubiri aitwe, nami nikamwacha asubiri. Aliomba mtoto aje amtupie baba yake udongo, basi, hata asipoitwa mjukuu. Macho yake yalikuwa yamevimba. Mama alinitazama mimi, Robi alikuwa ndani. Nikamwambia mzee Kisyeri kwamba sina kipingamizi, ila kuna msiba mmoja haujafungwa. Baba mdogo asimame mbele ya kaburi la mwanawe, mbele ya watu walewale waliokula dume langu, aseme kwa kinywa chake simu ile ilisema nini. Akishasema, mtoto atatupa udongo. Nilimpa neno langu kama askari. Mzee Kisyeri akasema hiyo ni haki. Baba mdogo akainamisha kichwa.

Na alifanya, Bupe. Jeneza limeshashushwa, mchungaji amefunga kitabu, akasogea ukingoni. Nilidhani atazungukazunguka. Akasema hivi, na maneno yake nimeyashika yote: "Wakati wa msiba wa Wegesa nilipigiwa simu. Dada mmoja aliniambia yu hai. Nilisikia vizuri. Nikazima, nikarudi kwenu, tukaendelea kula. Huyu binti Robi nilimpiga kwa sababu alisema kweli. Na mimba ilikuwa ya mwanangu, nilijua." Watu waliguna kama upepo. Wapo wanawake waliotema mate chini. Kisha akanigeukia, akanyoosha mikono amchukue mtoto.

Sasa nakuambia ambalo sijamwambia mtu mwingine kwa kinywa changu, ingawa wote waliliona. Nilipotoa ahadi ile asubuhi, nilikwisha kuamua kuivunja. Nilitaka avuliwe nguo zote, kisha abaki vilevile. Nilimbeba Mseti, nikamwambia baba mdogo kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba na mimi nimekosea namba, nikageuka nikaanza kuondoka. Nyuma yangu nilimsikia mzee akitoa sauti ambayo nimewahi kuisikia kwa ng'ombe tu. Na nilifurahi. Nakuapia nilifurahi.

Robi akanikuta njiani. Hakukimbia, hakulia. Alisimama mbele yangu akasema, "Dada Wegesa, nipe mtoto."

Nikamwambia asubiri, kwamba huu ndio mwisho wake, tumeshinda.

Akasema, "Wewe ulikuwa Kongo. Mateke niliyapigwa mimi. Aliyelala mle kaburini alikuwa mtu wangu, japokuwa mwoga. Kisasi hiki ni changu, na wewe unakitumia bila kuniomba."

Nimepigiwa kelele na makamanda, nimepigwa risasi, lakini sijawahi kutii haraka hivyo. Nikampa mtoto. Akarudi naye kaburini, watu wakampisha. Akamshusha, akamjazia udongo kiganjani, akamwelekeza. Mseti akatupa, akafurahia ulivyolia juu ya ubao, akataka kutupa tena, Robi akamwacha atupe tena. Mama mmoja akaanza wimbo. Baba mdogo alipiga magoti, akamshika Robi pindo la khanga, akamwambia asante mwanangu, asante.

Robi akaliondoa pindo mkononi mwake taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu. Akamwambia, "Mzee, huyu amemtupia baba yake kwa sababu mimi mama yake nimetaka. Siku yako ikifika, tutakuja. Tutachota maji, tutapika, tutalisha wageni wako wote. Ila mkono wa mtoto huyu hautagusa udongo wako. Nalisema leo mbele ya ukoo ili asiwepo wa kulisahau."

 Wazee wakamwangalia mzee Kisyeri. Mzee Kisyeri akamwangalia mama yangu, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba na ndiye aliyetoa ng'ombe, na neno la mwisho kwa desturi ni lake. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na akina mama wenzake. Hakusimama. Akasema, "Mke wangu amesema."

Hapo ndipo lilipofungwa, Bupe. Si mahakama wala bunduki iliyolifunga.

Tuliporudi nyumbani mama alinikaripia kama sijawahi kuwa na cheo. Akasema nilikuwa nampiga Ryoba, na Ryoba ameshakufa. Akasema pia kwamba neno la askari likivunjwa mbele ya kaburi, nani ataliamini tena. Nilimwomba Robi radhi. Alinikubalia, kisha akanipa maharage nichambue.

Najua wewe moyo wako ni wa uuguzi, ungependa niandike kwamba nina majuto juu ya yule mzee. Kwa Robi ninayo. Kwa mzee sina, na sitajidai ninayo ili barua hii iwe nzuri. Wilaya ilinipa cheti cha kutumikia taifa, kimetundikwa ukutani. Lakini sasa watoto wa kijiji wakiulizana shujaa wa Nyansurura ni nani, hawataji mimi. Wanamtaja Robi, na nadhani wako sawa.

Baba mdogo amezeeka ghafla. Tangu mwezi uliopita ni mgonjwa wa kifua, haendi mbali na kitanda, na mabinti zake wameolewa mbali. Robi humpelekea uji wa moto kila asubuhi, humfagilia chumba, humfulia blanketi, na humwamkia kwa heshima zote. Mzee hunywa, halafu humuuliza mtoto yuko wapi. Robi humjibu neno moja tu: "Kwao."

Nisikuchoshe zaidi. Wasalimie wote wa kikosi, hasa wale wasichana wapya, uwaambie wakariri namba za mama zao. Jifunike vizuri wakati wa mvua, na ukimaliza muda wako usiende Mbeya moja kwa moja. Njoo huku kwanza, mama amekuwekea kuku ambaye haruhusu mtu yeyote amguse. Mungu akukinge na mabomu na akukinge na ndugu pia.

Ni mimi dada yako wa damu tuliyomwaga pamoja,

Sajenti Wegesa Mseti,
kwa niaba ya nyumba ya Waisiko: Waisiko mwenyewe, Robi, na Mseti mdogo.